Kuni Kavu za Arobaini

Kwetu kuni hazinunuliwi. Neno hili nimelisema mara nyingi mno, na aghalabu limenitia taabuni, lakini acha niliseme tena ili anayesoma ajue nilikuwa mtu wa namna gani. Kwetu, upande wa Tabora, anayenunua kuni ni sawa na anayenunua upepo. Kuni ziko porini na wewe una miguu, maneno yamekwisha. Nilipohamia Dar es Salaam kuwa karani wa ghala karibu na bandari, Waingereza wangali wanatawala, niliwaona watu wazima wenye akili zao wakimpa muuza kuni pesa kwa kitita cha vijiti ambacho mbuzi wa kwetu angekiruka bila kukitazama. Nilikereka. Nikala kiapo kwamba mimi sitanunua kuni katika mji huu, iwe iwavyo.

Kwa miaka miwili kiapo kilisimama. Mke wangu na mimi tulipanga chumba Temeke, katika nyumba ya udongo na makuti ya bibi mmoja mjane, mwenyeji wa pwani. Nilikuwa na baiskeli, na kila jioni nilirudi na kitu nyuma yake: bao la kasha, tawi la mwembe lililoangukia barabarani, mguu wa kiti. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hiyo mimi niliichukua kama amri ya serikali. Mwenye nyumba alikaa kwenye kigoda chake uani akinitazama nikifungua kamba na kushusha takataka zangu, akaguna. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alikuwa na miguno saba. Kufika mwaka wa pili nilikuwa nimeijua yote, na hakuna hata mmoja uliokuwa wa kunisifu.

Kisha mke wangu akashika mimba, na kuni zikaacha kuwa mzaha.

Lazima niseme hapa jambo ambalo sipendi kulisema. Huyu hakuwa mtoto wetu wa kwanza. Wa kwanza tulimzika kwetu akiwa na wiki tatu, msimu wa baridi, kifua kimembana mpaka midomo ikawa ya buluu. Mke wangu hakulizungumza tena, lakini tangu tumbo lilipoonekana alianza kuamka usiku kupapasa ukuta kama kuna ufa unaopitisha upepo. Nami nilikuwa namwona, nikijifanya nimelala.

Mtoto akazaliwa mwanzoni mwa masika, mvua ikipiga makuti kwa hasira. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyemzalisha. Damu ilitoka nyingi, na siku ya pili mke wangu alikuwa akitetemeka chini ya mablanketi mawili. Mama yake alikuwa aje kwa garimoshi, ikaja habari kwamba mvua imeng'oa reli huko njiani na hakuna ajuaye lini itatengenezwa. Nilimwambia mwenye nyumba habari hiyo pale mlangoni. Akajifunga kanga upya kiunoni.

"Mamake hayupo, mie nipo," akasema. "Katika nyumba hii hakuna mwanamke aliyezaa akatoka bila kukandwa. Siku arobaini, maji ya moto asubuhi na jioni. Na moto chumbani usizimike, kwa ajili yake na kwa ajili ya huyu mdogo. Weye kazi yako moja tu, karani. Kuni."

"Hilo dogo, Bibi," nikasema.

"Kuni kavu," akasema. "Zisizo na moshi."

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Mtu ambaye hajatafuta kuni kavu Temeke wakati wa masika asinisimulie habari za shida. Kila kitu kilikuwa kimelowa. Minazi ilikuwa imelowa, nyua zilikuwa zimelowa, hata mkate wa dukani ulikuwa na unyevu. Nami nilitakiwa nilete kuni kavu, tena nyingi, kwa sababu kukanda mtu mara mbili kwa siku si mchezo. Ni sufuria kubwa linalochemka, vitambaa vinavyochovywa na kukamuliwa, na baadaye mafiga matatu pembeni mwa chumba yenye moto unaoendelea kuwaka polepole.

Nilianza na makasha ya ghalani. Nilikuwa na rafiki kule aliyeniwekea vipande. Nikaleta mzigo mzima, najiona shujaa. Mwenye nyumba akachukua ubao mmoja, akaupinda, akaunusa.

"Una misumari, na umepakwa dawa," akasema. "Unataka mtoto apumue dawa ya panya?"

Nikaleta vifuu vya nazi, maana hivyo vilikuwa vimejaa kila uwanja na havina mwenyewe. Vikawaka kwa kishindo, mwali ukafika karibu na paa, mke wangu akapiga yowe, na kabla maji hayajapata hata uvuguvugu moto ulikuwa umekwisha. Nikaleta magogo ya mkorosho, niliyopewa na mtu aliyeangusha mti wake. Yule bibi hakuyaruhusu kuvuka kizingiti. Utomvu wa mkorosho, alisema, moshi wake unatoa watu machozi mpaka wanasahau wanalia nini. Nikaenda kiwanda kimoja cha mbao Barabara ya Pugu, nikasimama getini na kofia mkononi kama mwombaji. Mlinzi akaniambia masalia ni ya walinzi, na walinzi wana wake, na wake wana majiko. Nikapata taruma la zamani la reli lililotupwa kwenye majani. Nililisukuma kwenye baiskeli kwa mwendo wa saa nzima, mvua ikinipiga mgongoni. Lilikuwa limelowa lami mpaka moyoni. Bibi alilinusa akiwa bado mlangoni.

"Hilo lirudishe ulikolitoa."

"Bibi, nimelisukuma kutoka—"

"Rahisi huvunja upishi, karani. Lirudishe."

Sikulirudisha. Nililitupa mtaroni nyuma ya nyumba nikalipiga teke, na kwa siku tatu nilichechemea. Nilikuwa nimechoka, nimelowa, nina njaa, na kila nilichokileta kilikuwa na kasoro. Nilimchukia yule mwanamke kwa nguvu zangu zote. Kisha nikiingia chumbani nilimkuta amepiga magoti kando ya mke wangu, mikono yake imekuwa myekundu kwa maji ya moto, anamkanda mgongo na kiuno taratibu, na mke wangu amefumba macho akipumua vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nikatoka tena kutafuta kuni.

Makaa ya kununua je? Mke wangu aliuliza hivyo. Bibi akasema makaa chumbani huwakaba watu usingizini, na mimi nikaongeza haraka kwamba zaidi ya hayo makaa ni ya kununua. Mke wangu akanitazama kutoka kitandani.

"Na kuni za kununua?" akaniuliza. "Muuza kuni wa pale njia panda ana kuni kavu. Kazifunika kwa turubai. Mwanamke wa chumba cha pili kaniambia."

"Nitaona kesho."

"Jana ulisema kesho."

"Unajua nilikula kiapo."

"Kiapo chako kina kifua?" akasema, bila kupandisha sauti. "Mwenye kifua ni mtoto."

Nilikasirika. Nilipita mbele ya lile turubai kesho yake asubuhi, na jioni nikalipita tena, nikitazama upande wa pili kama mtu anayedaiwa. Hayo nayaandika kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa naona kwamba nikinunua kitita kimoja tu, mji utakuwa umenishinda.

Siku ya kumi na mbili mwenye nyumba aliitwa Mbagala kwenye matanga ya binamu yake. Alikuwa aende asubuhi arudi jioni. Alituachia maagizo mlangoni, kidole juu, moto usizimike, maji yawe ya moto ya kweli na si ya kubahatisha, uji uwe na pilipili manga. Akaondoka na mwavuli wake. Mchana mvua ikafunguka kama mlango uliopigwa teke, na jioni tukasikia mto wa kule Mtoni umefurika na hakuna anayevuka.

Siku ile na siku iliyofuata nilikanda mimi. Nilikuwa mwanamume wa pekee Temeke nzima kufanya kazi hiyo, nadhani, na niliifanya vibaya. Lakini tatizo halikuwa mikono yangu. Kuni zilizobaki zilikuwa mbichi, zinalia kwenye moto, zinatoa povu nchani na moshi mzito wa manjano uliojaa chumba mpaka hatukuonana. Nikizitoa, baridi inaingia. Nikizirudisha, mtoto anakohoa. Asubuhi ya siku ya tatu kikohozi kilibadilika sauti. Kikawa kikavu, kifupi, na katikati yake kukawa na mlio mdogo ambao mke wangu na mimi tuliutambua mara moja. Alinitazama tu, amemkumbatia mtoto ndani ya kanga, na mimi nikachukua pesa zote zilizokuwa ndani ya kopo nikatoka mbio kwenda njia panda.

Muuza kuni hakuwapo. Turubai halikuwapo. Palikuwa na maji tu, yamesimama mpaka magotini, na kuku mmoja juu ya jiwe. Jirani akaniambia mtu yule amehamishia kuni zake kwa shemeji yake, ng'ambo ya mto.

Nilirudi nyumbani nikijitukana kwa lugha zote mbili ninazozijua. Nikasimama uani, sijui la kufanya, nikatupa macho kwenye kibanda cha mwenye nyumba, kile cha vyombo vyake vya zamani. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nikaingia kuona kama kuna kinu kibovu, mbuzi wa kukunia nazi, chochote. Nikatazama juu. Juu ya boriti, chini kidogo ya makuti, zilikuwa zimelala mbao nane.

Nilishusha moja. Ilikuwa na urefu wa mkono na nusu, pana kuliko kiganja, nene ya kutosha, na vumbi limeifunika kama unga. Haikuwa na msumari wala rangi. Nikaigonga kwa kidole, ikalia kama mlango wa kanisa. Nikaipangusa kwa shati langu, wekundu ukatokea, nikaujua hata kabla ya kunusa. Ulikuwa mninga, mti wa kwetu. Ulikuwa umekaa pale juu miaka, ukizidi kukauka, wakati mimi nasukuma mataruma ya lami kwenye mvua.

Hasira iliyonipanda hapo siwezi kuieleza. Kumbe mwanamke huyu, anayekataa kuni zangu moja baada ya nyingine kwa pua yake iliyoinuka, ana kuni kavu kuliko zote Temeke na amezilaza darini. Za nini? Nilijiuliza hivyo kwa sauti. Zina kazi gani kule juu, zinatagia mayai? Kwetu mninga hauchomwi ovyo, ni mti wa milango na vinu, nalo hilo nililijua. Lakini mtoto alikohoa tena ndani, nikachukua shoka.

Nilishusha saba. Kwenye kila moja, karibu na ncha, palikuwa na mikato midogo ya kisu. Moja ilikuwa na mkato mmoja, nyingine miwili, nyingine mitatu. Nilidhani ni alama za seremala. Nikazipasua nyembamba, nikawasha, na katika muda mfupi chumba kikawa chumba tena. Mwali ulisimama wima, mdogo, wa kimya. Moshi haukuwapo kabisa. Mke wangu akavuta pumzi akasema kunanukia kama nyumbani kwao. Akaniuliza nimezipata wapi.

"Nimeokota," nikasema.

Usiku ule mtoto alilala. Asubuhi mlio wa kifuani ulikuwa umepungua, na adhuhuri alinyonya mpaka akachoka.

Jioni yake mwenye nyumba alirudi, amelowa, mwavuli umegeuka nje ndani. Hakuingia chumbani mwake kubadili nguo. Alikuja moja kwa moja kwetu, akaketi kwenye kigoda, akamsikiliza mtoto kifuani kwa sikio lake, akamgusa mke wangu paji la uso. Kisha akageukia moto. Kipande kimoja kilikuwa kimewaka nusu, na ncha yake ya nje ilikuwa bado na mikato mitatu. Aliinama akakitazama.

"Kuni kavu hizi," akasema. "Umezitoa wapi?"

"Nimeokota, Bibi. Karibu na reli."

Nilingoja mguno. Kati ya ile saba nilikuwa nimejitayarisha kwa wa tano, ule mrefu. Hakuguna. Alishika kile kipande kwa vidole viwili, akakisukuma ndani ya moto mpaka ile mikato ikaungua, akaomba maji ya kukandia.

Kesho yake, wakati nafunga baiskeli niende kazini, aliniita.

"Kule kibandani kimebaki kimoja."

Uso wangu uliwaka. Nilianza kusema kwamba nilitaka kumwambia, kwamba mvua, kwamba mtoto. Akanikatiza.

"Kishushe ukichome nacho. Kimoja hakina kazi."

Basi. Nilikishusha. Na najua mnategemea nikiri kwamba niliona haya, nami niliona, lakini kwa ufupi tu, maana haraka haraka nilipata sababu ya kukereka badala yake. Kama alikuwa tayari kunipa, mbona hakunipa siku ya kwanza? Mbona aliniacha nichechemee? Nikamwambia mke wangu kwamba watu wa pwani ni wagumu kueleweka. Mke wangu akasema pengine mimi ndiye mgumu wa kuelewa, akageukia ukuta. Ubao wa nane uliwaka vizuri kama wenzake. Baada ya hapo jua likachungulia, mto ukashuka, nikapata kuni za mikoko kutoka kwa mvuvi niliyemwandikia barua zake, na arobaini ikatimia. Mtoto alinyolewa nywele, akatolewa nje, mnene, anakunja uso kwa jua. Mama mkwe alifika kwa garimoshi wiki moja baadaye na kukuta kila kitu kimekwisha. Alimshukuru mwenye nyumba kwa kupiga magoti.

Kiasi cha mwezi baadaye akafa mzee mmoja, jirani wa nyumba ya tatu, muuza samaki. Mazishi ya Waislamu nilikuwa nimeyahudhuria mara kadhaa kabla, lakini siku zote sisi Wakristo wa bara tulisimama mbali, kando ya njia, kofia mkononi, kwa heshima na kwa kutojua. Siku ile watu walikuwa wachache. Mtu mmoja aliyekuwa ndani ya kaburi akainua kichwa, akaniona.

"We karani, umesimama kama nguzo," akasema. "Nipokezee vile viunza hapo kwenye majani. Kwa mpango. Anza na cha kwanza."

Nikageuka. Kwenye majani zilikuwa zimelala mbao. Urefu wa mkono na nusu, pana kuliko kiganja. Karibu na ncha ya kila moja, mikato ya kisu.

"Cha kwanza kipi?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimekwisha jua.

"Chenye mkato mmoja. Ndicho cha kichwani."

Nikampa. Akakiegemeza mshazari juu ya yule mzee aliyelazwa ubavuni mwa kaburi ndani ya sanda yake. Akanyoosha mkono. Nikampa cha pili. Cha tatu nilikihesabu mikato kabla ya kukitoa.

"Hivi ni vya nini?" nikamwuliza mtu aliyekuwa kando yangu, kwa sauti ya chini.

"Vya kumfunika, asiguswe na udongo. Kwenu hamna?"

"Kwetu tunazika kwa jeneza."

"Basi hivi ndivyo jeneza letu. Marehemu alijiwekea vyake mapema, wenye busara hufanya hivyo. Mwenye nyumba wako naye anavyo, vya mninga. Mumewe alivichonga na vya kwake pamoja, alipokuwa akifanya kazi ya reli huko bara. Vya kwake alizikwa navyo." Akapangusa udongo mikononi. "Yule mama hana mtoto, hana nduguye wa karibu. Alituambia siku moja kwamba angalau juu ya jambo hilo hatamsumbua mtu."

Nikatoa cha nne, cha tano, mpaka cha nane. Hakuna aliyeona kitu usoni mwangu, au waliona wakadhani namlilia muuza samaki.

Nilitembea kurudi, baiskeli nikiikokota. Nilimkuta uani anapepeta mchele, na mtoto wetu amelala mkekani kando yake, maana mke wangu alikuwa kisimani. Niliketi chini mbele yake, kwenye mchanga, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa mtu yeyote mjini humo.

"Nimetoka makaburini," nikasema.

Akaendelea kupepeta.

"Bibi, mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Vilikuwa vinawaka." Alitoa jiwe kwenye mchele akalitupa. "Mie sijafa, karani. Mtoto alikuwa anakohoa. Ningekuwapo ningevishusha mwenyewe, kabla hujavinyanyulia macho."

Nililia, nadhani. Yeye hapo ndipo alipoguna, mguno wa tano, ule mrefu niliokuwa nimeungoja tangu siku ile.

"Kuchoma hakukunikera," akasema. "Kilichonikera ni kunitazama usoni ukasema umeokota. Karibu na reli! Mume wangu alivikokota kutoka bara mpaka hapa, weye unaniambia umeviokota karibu na reli." Akapepeta kwa nguvu mpaka mchele ukamwagika. "Huo uongo ndio uliokaa hapa." Akajigusa kifuani.

Jumamosi ile nilinunua mbao. Nilikwenda kwa seremala mmoja Kariakoo, nikataka mninga, nikalipa alichotaka bila kubishana hata neno moja, na yule seremala aliniangalia kwa mashaka. Nilikata mwenyewe, nane, kwa kipimo nilichokikumbuka, na kwa kisu cha mke wangu nikatia mikato, mmoja mpaka minane. Nikavipeleka kwa mwenye nyumba nimevifunga kwa kamba. Alichukua kimoja, akakigonga, akakinusa, kama alivyonusa kila kitu nilichowahi kumletea.

"Kibichi," akasema.

Nilitaka kuangua kilio. Hata hivi vilikuwa na kasoro.

"Bibi, ni mninga mzuri, seremala ameniapia—"

"Mzuri, lakini mbichi. Ukinilaza chini ya ubao mbichi utapinda, udongo unimwagikie. Panda uviweke juu. Vikikauka utaniambia."

"Vitachukua muda gani?"

"Weye ndiye bingwa wa kuni kavu."

Nikapanda, nikavilaza juu ya boriti ile ile.

Tulikaa katika nyumba ile miaka mingine tisa, ingawa nilipata nafasi ya kuhamia nyumba bora, na mke wangu hakuniuliza kwa nini sikuhama. Kila masika yalipoanza, mwenye nyumba aliniita uani akaninyooshea kidole kibandani. Nilipanda, nikashusha kimoja, nikakigonga. Mwaka wa kwanza kililia kwa sauti nzito, ya maji. Mwaka wa pili sauti ilikuwa imebadilika. Mwaka wa tatu kililia kama mlango wa kanisa. Nami nilishuka nikasimama mbele yake, nikamtazama usoni.

"Vimekauka?" aliuliza.

"Bado, Bibi."

Aliguna mguno mmoja ambao haukuwa katika ile saba, akarudi kwenye shughuli zake. Mwaka uliofuata aliniuliza tena, nikajibu vilevile. Mtoto wetu alipofika miaka sita alinisikia siku moja, akapanda kibandani mwenyewe, akarudi akisema kwamba vile vimekauka sana, baba. Bibi akamwambia anyamaze, hajui mambo ya kuni.

Masika ya tisa hakuniita. Alikuwa amelala kitandani mgonjwa, na mke wangu ndiye aliyekuwa akimkanda kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, kwa kuni nilizonunua njia panda. Siku ya Ijumaa nilipanda kibandani bila kuambiwa, nikavishusha vyote vinane, nikavipangusa vumbi kwa shati langu. Makaburini nilisimama ukingoni, nikavipokeza kimoja kimoja, kwa mpango. Mtu aliyekuwa ndani ya kaburi alikigonga cha kwanza kwa kiungo cha kidole, akasikiliza.

"Hivi vimekauka zamani," akasema.

"Ndiyo," nikamjibu. "Siku nyingi."